Mpira, muziki, muvi au bustani: uanzie wapi ukitaka kuongea imani na mshkaji wako

Una rafiki mnaelewana vizuri tu, mnachati kila siku, anajua wewe ni mtu wa kanisani na wala hana shida na hilo, ila miaka inakatika na hujawahi kumwambia hata sentensi moja ya maana kuhusu kwa nini unaamini unachoamini, maana kila ukitaka kuanza unaona utachafua hali ya hewa. Upande wa pili yupo yule ambaye haogopi kitu, ukimsalimia "mambo" anakujibu "umeokoka?", na watu wakimwona kwa mbali wanakumbuka ghafla kwamba wana haraka.

Katikati ya hao wawili kuna njia ya kupitia kitu mnachokipenda wote, na sio mbinu ya juzi. Yesu pale kisimani Sikari (Yohana 4) hakuanza na mahubiri, alianza na kiu, "Nipe maji ninywe", na yule mama alikuja kuchota maji kwa hiyo habari ya maji ilikuwa ya wote wawili. Paulo alipofika Korintho akakaa kwa Akila na Prisila kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja, kushona mahema (Matendo 18:3), na maandiko hata hayatuambii kama siku hiyo walikuwa wameshaamini au bado. Kilichowakutanisha kwanza ni kazi.

Sasa watu wengi wanakwama kwenye kuchagua. Wengi wetu tuna vitu viwili vitatu tunavyovipenda na muda ni uleule mdogo, so nikachukua vinne ambavyo naona ndo vinatumika sana, nikavipima kwa vipimo vilevile.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni nafasi ya kuongea, na hapa usichanganye na muda wa kuwa pamoja. Mnaweza kukaa saa tatu bega kwa bega na msipate dakika mbili za maongezi. Cha pili naita mlango, yaani pale ambapo maswali mazito (kifo, kosa, msamaha, haki, nipo hapa duniani kufanya nini) yanaingia yenyewe bila wewe kuyavuta kwa kamba. Cha tatu ni panapoharibika, kwa sababu kila moja ina namna yake ya kumkera mtu. Cha nne, inamfaa nani.

Kipimo cha "ipi inaleta watu wengi kanisani" nimekiacha makusudi. Hicho kikishaingia kichwani rafiki anageuka namba, na binadamu ananusa hiyo kitu mapema kuliko unavyodhani.

1. Michezo

Nafasi ya kuongea: inategemea mchezo na inategemea mko wangapi. Mkiangalia mpira kundi zima, sahau, pale ni kelele na kubishana offside. Mkicheza ndo kabisa, pumzi yenyewe ya kuombea pasi. Nafasi iko pembeni ya mchezo, mnavyotembea kurudi nyumbani, mnavyokaa mnafungua viatu, na zaidi kwenye kukimbia au kutembea wawili. Makochi wa mbio wana kipimo chao cha mazoezi mepesi, kwamba uwe unaweza kumaliza sentensi bila kuhema, sasa mazoezi ya hivyo ni kama yametengenezwa kwa ajili ya stori. Tena mnatazama mbele wote. Kuna mambo mwanaume hatayasema kamwe akitazamwa usoni ila ukimpa kilomita nne za kutazama barabara anayatapika yote.

Mlango: kushindwa, majeraha, mwili kuzeeka, kujinyima kwa ajili ya kitu ambacho kesho mwingine atakuvua. Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mbio na ngumi (1 Wakorintho 9:24-27), na hakuokota mfano hewani, karibu kabisa na mji wao kulikuwa na michezo mikubwa ya Isthmia kila baada ya miaka miwili na mshindi alivikwa taji la majani. Majani! Wasomaji wake walijua hilo taji linavyonyauka.

Na kuna Eric Liddell, Mskoti, ambaye kwenye Olimpiki ya Paris ya 1924 alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo wake ulipangwa Jumapili, akaingia mita 400 ambayo haikuwa mbio yake haswa, akachukua dhahabu kwa sekunde 47.6. Mwaka uliofuata akaenda China kuwa mmisionari na akafia huko kwenye kambi ya wafungwa ya Wajapani mwanzoni mwa 1945, Vita ya Pili ya Dunia ikiwa imebaki miezi michache tu iishe. Hiyo stori usiihubiri. Msimulie mtu anayependa riadha alafu muulize tu "ungekuwa wewe ungekimbia ile mita 100?", nyamaza, sikiliza anavyojibu. Wakristo wenyewe hawakubaliani kwenye hilo jibu, kwa hiyo huna haja ya kuwa na la kwako mfukoni.

Panapoharibika: "Mungu ametupa ushindi." Kaka, na wale wenzenu waliopiga magoti kabla ya mechi wakafungwa tatu? Ukiongea hivyo mbele ya mtu anayefikiri umeshampa sababu ya kukucheka. Kingine ni mdomo wako uwanjani. Ukimtukana refa Jumamosi, yale ya Jumapili hayana uzito, na hapa nakiri mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa na mtu tuliyekuwa tunacheza naye, "wewe bora ungebaki kwenye maombi tu", na alikuwa na haki kabisa.

Inamfaa: mwenye nguvu za kurudi wiki kwa wiki, na mwenye marafiki wasiopenda vikao vya kukaa na kuongea "mambo ya ndani". Haimfai mtu ambaye akifungwa ananuna siku mbili.

2. Muziki

Nafasi ya kuongea: ya ajabu kidogo. Muziki ukiwa unalia mnanyamaza, ukiisha mna vitu vya kusema. Ila nguvu yake kubwa iko onlaini, kwa sababu wimbo unatumwa. Rafiki yuko nchi nyingine, saa zenu hazilingani, unamtumia wimbo mmoja na sentensi moja, anausikiliza akiwa kwenye basi usiku, anakujibu kesho. Hakuna nyingine kati ya hizi nne inayoweza hivyo kirahisi.

Mlango: mashairi. Watu wanaimba kwa sauti vitu ambavyo wakiambiwa waviseme wataona aibu, kwamba wamechoka, wamemkosea mtu, wanaogopa kufa. Kwa wale wa muziki wa okestra kuna mtunzi Handel, 1741 aliandika "Messiah", ile kazi yake kubwa kuhusu Masihi, kwa siku 24 tu, ikapigwa mara ya kwanza Dublin mwaka uliofuata, na maneno yake yote yametoka kwenye Biblia, kwa hiyo watu wasioamini kabisa wanakaa kwenye ukumbi wanaimbiwa Isaya zaidi ya saa mbili na wanalipa kiingilio.

Lakini mimi stori ninayoirudia ni ya John Newton, yule Mwingereza aliyetunga ule wimbo maarufu wa neema, "Amazing Grace". Wengi wanaisimulia kama muvi fupi: nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba, akaokoka, akaacha biashara, akatunga wimbo, mwisho. Haikwenda hivyo. Dhoruba ilikuwa 1748. Baada ya hapo aliendelea kusafirisha watumwa, tena akiwa nahodha, hadi 1754 na kilichomtoa baharini ni ugonjwa. Wimbo aliuandaa kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya wa 1773, na kitabu kidogo cha kupinga biashara ile waziwazi alikitoa 1788, miaka arobaini nzima baada ya ile dhoruba. Ukimsimulia rafiki hivi, na ubaya wake wote, maswali yanakuja yenyewe, neema gani hiyo inayochelewa hivyo, mtu anaweza kuamini na bado akawa amekosea hadi mifupani? Ni maswali ya kweli na baadhi yake utakosa jibu. Poa tu.

Panapoharibika: kuhukumu pleilisti ya mtu. Amekuonyesha nyimbo anazosikiliza akiwa peke yake, na wewe unaanza "huu ni wa dunia, huu una mapepo", basi, mlango umeufunga na ufunguo umeutupa chooni. Kosa lingine dogo ila baya, mtu amesisimka mwili kwenye kibwagizo wewe unamwambia huyo ni Roho Mtakatifu. Labda. Labda ni besi tu.

Inamfaa: walio mbali kwa mbali, wanakwaya na wapiga vyombo wanaofanya mazoezi na watu mchanganyiko, na mtu ambaye kuandika ujumbe kwake ni rahisi kuliko kuongea.

3. Hadithi: muvi, siriizi, vitabu

Nafasi ya kuongea: kubwa kuliko zote, yaani hadithi ikiisha watu *wanataka* kuiongelea, ukiwazuia ndo unawakosea. Mwanzo wa maongezi uko bure, "ulimwelewa yule baba?" na mmeanza.

Mlango: ndo usiseme. Karibu kila hadithi inayobaki kichwani ina mtu aliyekosa, mtu wa kulipa, na swali kama anaweza kurudi nyumbani. Huhitaji muvi ya Kikristo, kiukweli muvi za Kikristo nyingi hapa hazisaidii maana zinajibu kabla mtu hajauliza.

Mfano ninaoupenda ni wa Oxford, Uingereza, Septemba 1931. C.S. Lewis (yule wa vitabu vya Narnia) na J.R.R. Tolkien (yule wa The Lord of the Rings) walikuwa walimu pale chuoni, na kilichowaunganisha ni ushabiki wao wa hekaya za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya, walikuwa hadi na kikundi cha kuzisoma kwa lugha yake ya asili. Tolkien Mkatoliki, Lewis alikuwa ameshatoka kwenye kukana Mungu akakubali kwamba Mungu yupo, ila habari ya Kristo ilimshinda. Jioni moja wao wawili na rafiki yao Hugo Dyson wakatoka kutembea kwenye ile njia ya miti ya chuo, stori ikaenda hadi usiku wa manane. Hoja ya Tolkien na Dyson kwa ufupi ilikuwa: wewe ukikuta kwenye hekaya mungu anakufa na kufufuka unaguswa, sasa kwa nini ukikuta hilohilo kwenye Injili unakaza shingo? Vipi kama hii ni hekaya iliyotokea kweli? Siku chache baadaye Lewis akapanda kwenye kile kigari cha pembeni ya pikipiki ya kaka yake wakaenda bustani ya wanyama ya Whipsnade, na mwenyewe alikuja kusema kwamba alipoondoka nyumbani alikuwa haamini Yesu ni Mwana wa Mungu, na walipofika aliamini.

Watu wanapenda hicho kipande cha pikipiki. Mimi naangalia miaka ya nyuma yake, zile jioni za kusoma hekaya kwa kamusi ambazo hakuna aliyezihesabu kama uinjilisti. Hoja ile ilimfikia Lewis kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyependa kitu kilekile kwa dhati na alikijua vizuri kumzidi, mgeni angeileta hoja hiyohiyo ingegonga ukuta.

Paulo naye pale Areopago, mjini Athene (Matendo 17), alinukuu washairi wa wenyeji, na ule mstari wa "maana sisi sote tu wazao wake" umetoka kwa mshairi Mgiriki Arato kwenye shairi ambalo lilikuwa linamsifu Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki. Alilisoma, akalielewa, akaona wapi linafunguka. Na matokeo? Wengine walimdhihaki, wengine wakasema tutakusikiliza siku nyingine, wachache wakaamini. Huyo ni Paulo, sasa wewe ukipata "tutaongea siku nyingine" usikonde.

Panapoharibika: kulazimisha kila mhusika awe mfano wa Yesu. Jamaa amekufa kwenye dakika ya tisini, wewe tayari "unaona, kama Msalaba". Hapana bwana. Wakati mwingine amekufa kwa sababu mkataba wa mwigizaji umeisha. Rafiki akishakuzoea kwa hiyo tabia kila muvi mtakayoangalia atakuwa anasubiri mahubiri yaanze. Na ukijua mwisho wa siriizi usiuseme, hilo nalo ni dhambi ya aina yake.

Inamfaa: wanaopenda kubishana kwa upendo, wasomaji, watu wenye maswali ya kichwani zaidi ya moyoni. Haifai sana kwa mtu ambaye kwa sasa anaumia, kwa sababu hadithi inaweza kuwa mahali pa kujificha, mnachambua msiba wa mhusika mwezi mzima na wake hamjaugusa.

4. Bustani na kazi za mikono

Nafasi ya kuongea: tulivu na ndefu. Mikono ina kazi, mdomo uko huru, na ukimya hauna aibu kwa sababu kuna jembe au sindano ya kuujaza. Kufuma, kuchonga, kutengeneza baiskeli, yote yanaingia humu.

Mlango: kungoja, na kushindwa kudhibiti mambo. Yesu mwenyewe alitumia mpanzi, magugu, mtini, chembe ya ngano inayoanguka ikafa (Yohana 12:24). Na kwa rafiki anayesema sayansi na imani ni maadui kuna Gregor Mendel, mtawa wa Waagustino kule Brno (leo iko Jamhuri ya Cheki), aliyepanda njegere kwenye bustani ya monasteri kuanzia 1856 hadi 1863 akizihesabu rangi na maumbo kuona sifa zinavyorithiwa, akachapisha 1866, na dunia ikaja kushtuka 1900 akiwa ameshakufa. Hathibitishi kwamba Mungu yupo, usimtumie hivyo. Anaonyesha tu mtu mmoja alibeba vyote viwili bila kupasuka.

Panapoharibika: inachelewa, na ukiwa na haraka utaharibu. Pia kuna ile ya kusaidia kwa hesabu, umemtengenezea mlango wake bure kwa hiyo sasa unamdai masikio yake. Humdai.

Inamfaa: watu wa maneno machache, wastaafu, waliofiwa, waliochoka na maneno matupu. Mtu aliyewahi kuumizwa na kanisa mara nyingi anaanzia hapa kwa sababu hakuna anayemkodolea macho.

Kuvuka kutoka kwenye mpira kwenda kwenye Mungu

Hapa zote nne zinafanana na hapa ndo wengi tunajikwaa. 1 Petro 3:15 inasema muwe tayari kumjibu yule *anayeuliza*, tena kwa upole. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuwa mtu anayeulizika. Usifiche kwamba unasali alafu mwezi wa sita ukamrukia, huo ndo mtego wenyewe na atajiona alikuwa anawindwa. Itaje imani yako mapema na kwa wepesi kama unavyotaja kazi yako, "Jumapili asubuhi sipatikani niko kanisani, ila mchana twende", imetosha.

Swali likija jibu fupi, na jibu habari yako wewe, sio habari ya "watu wasioamini". Ukiona unatamani kuendelea, omba ruhusa, "nikwambie mimi naionaje?", akisema leo hapana basi rudini kwenye wimbo au kwenye mechi bila kununa. Kama huwezi kurudi bila kununa, hukuwa unapenda mechi.

Sasa wewe uko kwenye hali gani?

Kama rafiki yuko mbali na mnaishia kwenye simu, anza na muziki, au muangalie siriizi moja kila mtu kwake alafu mchati. Bustani iache.

Kama ni mtu wa ubishi na vitabu, hadithi, ila jiandae kusoma anavyovipenda yeye kwanza, sio kumpa orodha yako.

Kama amefiwa au ameachwa au ameumizwa na kanisa, kazi za mikono au kutembea wawili. Muziki uguse taratibu, kuna nyimbo zinaweza kumrudisha kule kaburini.

Kama ni kundi na sio mtu mmoja, michezo inakusanya vizuri, ila usitegemee maongezi yatokee kwenye kundi, tafuta yule mnayerudi naye njia moja.

Kama ni mtu aliye chini yako kazini, au mwanafunzi wako, au mgonjwa unayemhudumia, punguza mwendo kwenye zote nne, hana uhuru wa kukwambia "sitaki" kama rafiki wa kawaida. Hapo subiri aulize yeye, na sehemu nyingi za kazi zina utaratibu wake kuhusu hili, ufuate.

Wewe ni muoga wa kuongea? Chagua chenye shughuli ya mikono au miguu. Unaongea sana? Chagua muziki, utalazimika kunyamaza dakika nne nne.

Na kama hamna kitu hata kimoja mnachopenda wote wawili, mwambie akufundishe cha kwake. Utakuwa mbovu, atakucheka, utauliza maswali ya kitoto na yeye ndo atakuwa mwalimu. Siku hizo za mwanzo, zaidi ya ile sentensi moja ya Jumapili, habari za kanisa ziache kabisa, labda akuulize mwenyewe.